Giaboksi Isiyofunguliwa

Umewahi kumlipa mtu akutengenezee kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, kisha ukamshukuru? Usiwe na haraka ya kusema hapana. Anayeibiwa kwa ustadi hajui kwamba ameibiwa. Hutoka mlangoni akitabasamu, na akifika nyumbani huwasimulia ndugu zake jinsi alivyohudumiwa vizuri.

Norbert Gorecki aliwaona wengi wakitoka hivyo. Alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki katika jiji la Toledo, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye mgongo uliopinda kwa kulala chali kwenye saruji na mikono ambayo weusi wake haukutoka hata kwa sabuni ya mchanga. Kule karibu kila mtu huendesha kwa mguu mmoja. Bibi wa miaka themanini, mchungaji, mlevi, wote huvuta mkono wa gia kwenye alama, hukanyaga, gari likaenda. Kinachofanyika chini ya miguu yao hawakijui wala hawataki kukijua, mpaka asubuhi moja watoke nje wakute tone jekundu kwenye theluji.

Tone hilo huwatisha kuliko moshi. Mafuta ya giaboksi yana wekundu wa damu, na juu ya theluji hayana pa kujificha. Basi watu wa pale wana desturi yao: jioni hukunjua boksi la karatasi, hulisukuma chini ya gari, na asubuhi hulibeba kwapani hadi gereji kumwonyesha fundi madoa, kama mgonjwa anavyompelekea daktari kichupa cha mkojo. Norbert alikuwa ameyasoma makaratasi hayo kwa miaka thelathini na moja. Doa jekundu la giaboksi, doa la kahawia la injini, doa la kijani la rejeta, na mara nyingine doa la theluji iliyoyeyuka tu, ambalo alilipapasa kwa kidole akalinusa, kisha akamwambia mwenye gari arudi nyumbani akanywe kahawa yake.

Aliyemwajiri, mzee Brubaker, alikuwa amemfundisha mambo matatu siku ya kwanza: osha kwanza, halafu nyamaza, halafu tazama. Mzee huyo alikuwa ameshafariki, na gereji ilikuwa mikononi mwa mwanawe, Kent. Kent hakuwa fundi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye tai na meno mazuri, aliyewahi kwenda kwenye semina ya siku mbili hotelini na kurudi na bango kubwa la maneno matatu: UKAGUZI NI BURE. Tangu bango hilo litundikwe, hakuna aliyerudishwa nyumbani kunywa kahawa.

Na kwa nini Norbert hakuondoka? Kwa sababu ya mkewe. Irena alikuwa na saratani ya damu. Kila baada ya wiki tatu alikaa hospitali kutwa nzima, sindano mkononi, na kadi ya bima iliyolipia sindano ile ilitoka kwa mwajiri wa mumewe. Mume akiacha kazi, kadi inakufa. Na gereji gani nyingine ingemchukua mzee wa miaka hamsini na tisa pamoja na ugonjwa wa mkewe? Huo ndio utaratibu wa nchi ile tajiri. Wameweza kumpeleka mtu mwezini, lakini uhai wa mke wa fundi wameufunga kwa kamba na kumpa bosi ashike ncha yake.

Jumanne moja ya mwezi Machi aliingia mama mmoja mweusi, mnene, mwenye koti zuri la kanisani na viatu vya kazi. Aliitwa Verlene Pettiford, mpishi wa shule ya msingi ng'ambo ya mto. Kwapani alikuwa na boksi la nafaka za asubuhi lililokunjuliwa, na madoa yake hayakuwa mawili wala matatu. Lilikuwa jekundu kama kitambaa cha machinjioni. Alisema jirani yake alijaribu kumsaidia. Alichungulia kijiti cha kupimia, akaona mafuta yamepungua, akamimina chupa tatu, na tangu siku hiyo uvujaji umekuwa mbaya zaidi.

Norbert alimuuliza kama jirani alipima mafuta yakiwa ya moto au baridi.

"Baridi kabisa, injini imewashwa hapo hapo," alisema Mama Pettiford. "Kwani joto la injini linahusikaje? Si mafuta ya giaboksi?"

Norbert akacheka kidogo, kicheko cha kwanza cha wiki ile. Aliinua boneti, akawasha injini, akaiacha ipate joto, akapitisha mkono wa gia katika alama zote, kisha akachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa yamepanda vidole viwili juu ya alama. Gari la namna ile hupimwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa ya moto. Ukilipima baridi litakudanganya, utalijaza kama gunia, nalo litachemka povu na kulitapika nje kupitia tundu la kupumulia lililo juu. Kwa hiyo giaboksi nzima ilikuwa imelowa, juu, pembeni na chini. Ukiitazama kwa haraka ungesema imepasuka. Alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, likatawanyika jekundu safi, bila weusi katikati, bila harufu ya kuungua. Mafuta ya giaboksi isiyo na ugonjwa.

Lakini gari lilikuwa linavuja kabla ya jirani kuja na chupa zake, kwa hiyo palikuwa na jambo jingine. Norbert alilipandisha kwenye lifti, akapunguza mafuta mpaka kwenye alama, akaosha chini kote kwa mvuke mpaka bati likang'aa, akalikausha kwa hewa. Kisha akachukua kopo la poda ya miguu, ile wanayonyunyizia askari kwenye buti, akaipaka poda giaboksi yote na mabomba yake mpaka ikawa nyeupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaliteremsha, akaliendesha hadi ng'ambo ya daraja na kurudi, akalipandisha tena.

Ukingo wa nyuma wa sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ulikuwa umelowa wekundu. Fundi mchanga angesimama hapo na kulaumu gasketi, au ile pete ya mpira, sili ya nyuma. Norbert hakutazama nyuma. Gari likienda, upepo huyasukuma mafuta, kwa hiyo palipolowa zaidi ndipo yalipofikia, na pa kutafuta ni kule yalikoanzia, mbele na juu. Akafuata mchirizi katika poda kwa tochi, taratibu, kama mtu anayesoma mstari wa herufi ndogo, akapita ubavu wa giaboksi, akapita juu ya mhimili, mpaka kwenye bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta yakapozwe kwenye rejeta. Hapo, chini ya kibanio, chumvi wanayoimwaga barabarani kila majira ya baridi ilikuwa imelila bomba mpaka likawa na magamba. Alikwangua magamba kwa ukucha. Tundu lake lisingepitisha hata sindano ya kushonea vifungo.

Aliandika kwenye kadi ya kazi: Bomba la kupozea, kutu. Mafuta yalizidishwa. Giaboksi ni nzima. Kazi ya saa moja na nusu.

Kent aliisoma kadi ile akiwa amesimama, akaiweka chini kwa upole. Alisema kazi nzuri sana, mzee, ila hatujafungua sampu. Norbert akamwambia hakuna sababu ya kuifungua. Kent akasema bango linasema ukaguzi, na ukaguzi usiofungua sampu ni nusu ukaguzi.

Norbert alijua mchezo huo ulivyochezwa. Ndani ya sampu ya kila giaboksi duniani kuna sumaku, na kwenye sumaku kuna tope la kijivu, unga laini unaotokana na sahani za klachi na chuma kusuguana. Giaboksi iliyofanya kazi miaka sita isipokuwa na tope hilo, hapo ndipo pa kushangaa. Lakini mpishi wa shule hajui. Unamwita, unamtolea sampu kwenye meza safi, unaizungusha chini ya taa mpaka tope lile limemeteke, na unamwambia kwa sauti ya msiba: hicho ni chuma, mama. Kabla hajavuta pumzi ameshakata tamaa, na gari lake liko juu limefunguliwa, haliwezi hata kumrudisha nyumbani.

"Nenda kamwonyeshe wewe," alisema Kent.

"Si kazi yangu kuuza."

"Usiuze. Simama tu pale. Wakiniona mimi na tai wanashika mkoba. Wakikuona wewe na hiyo mikono wanashika kalamu." Kisha akamshika bega, na uso wake ukawa na huruma ya kweli, maana Kent hakuwa mtu wa kutisha watu. "Irena anaendeleaje? Sindano tena wiki ijayo, eh? Mwambie tunamwombea."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuwa na haja.

Sampu iliwekwa mezani. Mama Pettiford aliiinamia kwa adabu, kama watu wanavyoinamia jeneza la mtu wasiyemjua vizuri. Kent alieleza kwamba giaboksi inahitaji kufunguliwa na kusukwa upya yote, sahani, sili, bendi, kila kitu, na akataja bei. Mama yule alikunja upya boksi lake la karatasi. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba fedha kama hizo anazo, ila alikuwa ameziweka kwa miaka miwili ili mumewe, Clifton, awekewe jiwe kaburini. Mpaka leo pana kibao cha plastiki tu, na mwaka huu theluji imekilaza.

Kent alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaacha kimya kifanye kazi yake.

Ndipo Mama Pettiford akamgeukia Norbert. Alitazama mikono yake kabla ya kumtazama usoni. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyekuwa chini ya gari. Niambie. Lingekuwa gari la mke wako, ungefanyaje?"

Angeweza kuuliza kwa maneno mengine yoyote. Angesema gari la binti yako, la mama yako, la kwako mwenyewe, huenda Norbert angejibu vingine. Lakini alisema mke wako, na Norbert alimwona Irena kwenye kiti cha hospitali, kitambaa kichwani, akiuliza kama amekula.

"Ningefanya anavyosema kijana," alisema.

Mama Pettiford akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaomba kalamu.

Jumatano asubuhi Norbert alianza kukusanya spana za kushushia giaboksi, maana alijiambia kwamba kama mama wa watu analipia kazi basi kazi ifanywe. Kent akamzuia. Kwa nini umfungue mgonjwa ambaye haumwi? Osha, piga rangi ya fedha, weka gasketi mpya, mafuta mapya, na hilo bomba lako. Delmar, fundi wa meza ya pili, ndiye aliyeshika mtungi wa rangi, na alipokuwa akipuliza alimtania Norbert kwamba hii ndiyo giaboksi ya kwanza kusukwa upya kwa pua ya mtungi. Norbert akamgeuzia mgongo. Delmar akaacha kucheka, akapuliza rangi mpaka mwisho.

Bomba alilitengeneza mwenyewe. Alikata lililooza, akapinda jipya kwa mkono kufuata mkunjo wa mhimili, akapanua ncha zake mara mbili ili zikae sawasawa kwenye nati, akalifunga mbali na kibanio cha zamani ili chumvi isipate pa kulala. Kisha akapaka poda tena, akaenda hadi ng'ambo ya daraja na kurudi. Poda ilibaki nyeupe. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka ule, na alipoifuta poda aliona aibu kama mtu aliyekutwa akinyoosha shuka la kitanda alichokichafua.

Alhamisi jioni, Irena alikuwa jikoni amekaa kwenye kiti, kwa kuwa hakuweza tena kusimama, akimenya viazi vya kutia kwenye maandazi ya kuchemsha ya Ijumaa. Miaka yote, kila Ijumaa ya Kwaresima, yeye ndiye aliyesimamia sufuria za samaki katika ukumbi wa parokia. Mwaka huu harufu ya mafuta ya kukaangia ilimtapisha, akawa anawapelekea maandazi tu. Norbert alimsimulia yote, mpaka jiwe la kaburi. Alitarajia ama amlaani Kent, ama amwambie pole.

Irena aliendelea kumenya. "Kwa hiyo sindano ya wiki ijayo ndiyo jiwe la yule marehemu," alisema.

"Si hivyo, Irenka."

"Ni vipi basi?"

 Norbert akamwambia kwamba bila kadi ile akiba yao haifiki hata miezi miwili, kwamba alifanya kwa ajili yake.

"Sitaki kufa, Norbi. Usinisikie vibaya, mimi si mtakatifu. Lakini umenishika na kuniweka mbele yako kama mlango. Ukitaka kuogopa, ogopa wewe mwenyewe. Mimi usinitaje."

Walikula. Alipokuwa akikausha sahani Norbert alisema kwamba yule mama anakuja kuchukua gari kesho, na atamwambia. Irena hakumwambia nenda wala usiende. Alisema tu kwamba asisahau kuyapitisha maandazi parokiani kabla ya saa sita.

Ijumaa Mama Pettiford alikuja saa nne, na hakuja peke yake. Alikuwa amefuatana na dada yake Odessa, mwembamba, mwenye miwani, aliyemleta kwa gari lake mwenyewe. Na mkononi alibeba keki ya limau aliyoiokea mafundi, imefunikwa kwa karatasi ya fedha. Gari lake lilisimama uani limeoshwa. Alilizunguka, akainama kwa taabu na koti lake, akapitisha kiganja kwenye saruji chini ya giaboksi, akakiinua. Kikavu. Alimwonyesha dada yake kiganja kile kama mtu aliyeshinda dau.

"Nilikwambia," alisema. "Na huyu ndiye mzee mwenyewe. Gari lako tumpe huyu huyu, ana mkono."

Maana gari la Odessa nalo lilikuwa linadondosha.

Kent alikuwa mlangoni. Delmar alikuwa ameshaanza kukata keki. Norbert alikwenda kwenye pipa la vyuma chakavu, akapekua, akarudi na kipande cha bomba kirefu kama mkono.

"Mama, giaboksi yako haikufunguliwa," alisema. "Imepigwa rangi. Kilichokuwa kinavuja ni hiki. Tazama hapa. Nilikibadilisha Jumatano kabla ya chakula cha mchana, na ndiyo kazi yote iliyofanyika."

Mama Pettiford alikitazama kipande kile, magamba yake ya kutu, tundu ambalo ilibidi asogeze macho ili alione. "Jumanne ulinieleza nini?"

"Nilikudanganya."

"Na leo?"

"Leo nasema kweli."

"Nitajuaje?"

Wala hakuuliza kwa hasira. Lilikuwa swali la mpishi anayepewa nyama mbili na kuambiwa moja ndiyo iliyooza. Norbert alisema njia ipo: ampe mpaka saa tisa, aishushe giaboksi na kuifungua mbele ya macho yake, atazame sahani za klachi za zamani zilivyo ndani, zina alama za kiwandani bado.

Kent hakupandisha sauti. Alisema mama ana haki ya kufanya atakavyo na gari lake, ila lazima aelewe kwamba garantii ya mwaka mmoja hufa pale bolti ya kwanza inapofunguliwa na mtu ambaye si fundi wa gereji hii. "Na mzee Norbert," alisema, "kuanzia sasa si fundi wa gereji hii. Samahani kwa haya, mama. Mkewe anaumwa sana. Amechanganyikiwa, sote tunamwonea huruma."

Uongo huo ulikuwa umefunikwa na ukweli mtupu juu, na Norbert aliona ulivyoingia. Macho ya Mama Pettiford yalilainika kwa huruma, na hapo ndipo alipompoteza.

"Pole kwa mkeo," alisema. "Lakini mimi nimeshalipa, mzee. Jiwe la Clifton limeshaenda. Unataka nirudi nyumbani nikakae na nini, na hicho kichuma?" Sauti yake ilianza kutetemeka, na kidogo kidogo huruma ikageuka kitu kingine. "Gari langu halivuji. Nimelipa, na halivuji. Ungekuwa mtu wa kusema kweli ungesema nilipokuuliza. Nilikuuliza uso kwa uso. Sasa unakuja kunivuruga wakati nimeshapata amani, kwa faida ya nani? Yangu au yako?"

 Ukweli wa Norbert ulikuwa umechelewa siku tatu, na katika siku hizo tatu uongo wake ulikuwa umeshafanya kazi, umeshalipwa, umeshaokewa keki. Kila alichoweza kusema sasa kilimtaka mama yule akubali kwamba amelitupa jiwe la mumewe kwa kipande cha bomba, na nani ana nguvu hizo saa nne asubuhi, uani kwa watu, mbele ya dada yake? Waliomwibia walijua hilo. Hawakuhitaji kumficha chochote baada ya kumlipisha. Yeye mwenyewe angewalindia mlango.

Mama Pettiford akamshika dada yake mkono, akamwambia aje ofisini, nje baridi. Kent akawafungulia.

Norbert aliweka kipande cha bomba juu ya pipa. Akanawa mikono, akaenda parokiani kupeleka maandazi, kisha akaenda nyumbani kumweleza mkewe kwamba kadi yao ina uhai wa siku kumi na tatu, mpaka mwisho wa mwezi. Irena alisikiliza hadi mwisho. Akauliza yule mama alisema nini. Norbert alipomwambia, alifunika uso kwa aproni, na Norbert hakujua kama anamlilia mama yule, au mumewe, au nafsi yake.

Kule mafundi hununua spana zao wenyewe, kwa miaka na miaka, na huziweka kwenye kabati la chuma lenye magurudumu na droo nyingi, zito kuliko jokofu. Fundi akiondoka huondoka nalo. Kesho yake, Jumamosi, Norbert aliazima pikapu ya jirani, akafika gereji saa mbili. Delmar alimfungulia mlango wa pembeni bila kumtazama, akasema mzee, ngoja nikusaidie, na wakaanza kulisukuma kabati taratibu kuvuka sakafu.

Gari la Odessa lilikuwa juu ya lifti ya pili. Halikuwa limeoshwa. Norbert hakutaka kutazama, lakini jicho la miaka thelathini na moja halimwombi mwenyewe ruhusa. Mchirizi ulianza pale fimbo ya gia inapoingilia giaboksi, ukateremka ubavuni. Sili ndogo, mviringo wa kidole gumba, kazi ya kabla ya chai. Aliona kutoka hatua sita, bila tochi.

Nyuma ya kioo cha ofisi walikuwa wamesimama watatu. Kent alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, amekunja mikono kwa heshima. Odessa alikuwa ameshika kalamu lakini hajaandika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamgeukia dada yake na kumuuliza jambo. Mama Pettiford aliinua macho, na kupitia kioo akamwona Norbert ameshikilia kabati lake. Walitazamana. Norbert aliacha kusukuma. Mama yule hakugeuza uso haraka. Alimtazama kama mtu anayehesabu kimoyomoyo, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu anayejua.

Kisha akamwekea dada yake mkono begani, akamnong'oneza. Odessa akainama na kutia sahihi.